Mbolea ya kuku imeniunguzia sukuma, na kuku wenyewe wanakufa

BARUA

Habari zenu wa safu ya bustani,

Naishi Utawala, Nairobi. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mita 2 kwa 6, na banda la kuku la mita 2 kwa mita 1.5. Banda ni la mbao na mabati, sakafu yake ni udongo wenyewe. Nilikuwa na kuku 12 wa kienyeji walioboreshwa, wanaotaga, na nilikuwa naokota mayai 8 au 9 kila siku. Mwishoni mwa Mei niliongeza wengine 10 wa miezi miwili niliowanunua sokoni, nikawaingiza pamoja na wakubwa. Wiki tatu baadaye wadogo 4 wameshakufa. Wanajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu. Wakubwa hawajafa, lakini mayai yameshuka hadi 3 kwa siku. Wote nawalisha chakula cha kutaga, nakichanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi ili kisiishe haraka.

Shida ya pili ni sukuma wiki. Nilipanda miche 90. Kila mtu aliniambia mbolea ya kuku ni dhahabu, basi nikafagia banda nikamwaga ndoo 4 za lita 20 kuzunguka mashina. Siku ya tano kingo za majani zikaanza kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni, na miche midogo ikakauka kabisa. Iliyopona ina majani ya kijani kibichi sana lakini chini yake kumejaa wadudu wa kijivu. Nilinunua dawa agroveti nikapiga, na siku mbili baadaye nikachuma majani yaliyoharibika nikawapa kuku. Hiyo ni wiki iliyopita. Maji ni ya kisima kirefu cha mtaa, yana chumvi kidogo.

Sasa jirani analalamika harufu na anasema atakwenda kaunti. Niuze kuku nibaki na mboga, au ning'oe mboga nibaki na kuku?

Mama Kuku, Utawala

JIBU

Mama Kuku, pole sana kwa hasara. Usiuze kuku, wala using'oe mboga. Ukisoma barua yako mara ya pili utaona kwamba kuku na sukuma wanaumwa na kitu kimoja: samadi mbichi na yenye maji. Imekaa chini ya miguu ya kuku ikawaletea kuhara damu, kisha ukaichukua ikiwa bado mbichi ukaiweka kwenye mizizi ya mboga ikaiunguza. Hata harufu inayomfikia jirani inatoka hapo hapo. Ukikausha banda na kuipa samadi muda wa kuiva, shida zako tatu zinapungua pamoja.

Tuanze na wale 6 wadogo waliobaki, kwa sababu wao hawana muda.

Kuku wa wiki 3 hadi 10 anayejikunyata, upanga wake wa kichwani umepauka na kinyesi kina damu, mara nyingi ana koksidiosi. Vimelea vyake hutoka na kinyesi vikiwa kama vijiyai. Vikikuta unyevu, joto na hewa, kwa siku moja au mbili hukomaa na kuwa tayari kuambukiza. Kuku anadonoa sakafu, anavimeza, vinaingia kwenye utumbo na kuuchubua. Wakubwa wako huenda walikutana navyo polepole tangu wakiwa wadogo wakajenga kinga, ndiyo maana hawafi. Wale 10 wa sokoni waliingizwa siku moja kwenye sakafu iliyokuwa imeshajaa. Zaidi ya hayo, kuku 22 kwenye mita za mraba 3 ni zaidi ya 7 kwa kila mita, wakati kienyeji wanaolala ndani wanatakiwa wasizidi 4 au 5.

Watenge leo. Boksi kubwa la mbao au kibanda cha mita 1 kwa 1.2 kinawatosha, chini kuwe na maranda makavu, na yale yanayolowa uyatoe kila siku. Nenda agroveti uulize dawa ambayo lebo yake ina jina amprolium. Ni unga au maji ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, na kwa kawaida hutolewa siku 5 hadi 7 mfululizo; kipimo fuata lebo, maana nguvu ya dawa hutofautiana. Siku hizo wasiwe na maji mengine yoyote, na mchanganyiko ufanywe upya kila asubuhi. Kuna kosa moja hapa ambalo linaua kazi yote: watu wengi humwaga vitamini kwenye maji hayo hayo kwa nia njema. Amprolium inafanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, kwa hiyo ukiongeza vitamini unawalisha vimelea. Vitamini zisubiri hadi dozi iishe.

Dawa za jamii ya salfa nazo hutibu koksidiosi, lakini hubaki kwenye yai. Wakubwa wako wanataga, usiwaguse nazo. Na dawa yoyote utakayowapa, tafuta kwenye lebo siku za kungoja kabla ya kula mayai au nyama.

Akifa mwingine, usimtupe wala usimzike kabla hujajua. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye chombo chenye barafu (asigande), umpeleke siku hiyo hiyo maabara kuu ya mifugo ya serikali iliyoko Kabete, au kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, huko huko Kabete ya juu. Watampasua waone utumbo. Nasisitiza hili kwa sababu damu kwenye kinyesi inaelekeza kwa koksidiosi, lakini haithibitishi. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo inapinda, kuku anapumua kwa mdomo wazi na vifo vinaongezeka kwa siku mbili tatu, hiyo huenda ni kideri (Newcastle), na kideri hakina dawa ila chanjo ya mapema. Hapo mwite daktari wa mifugo, usimtoe kuku hata mmoja uani na usimkaribishe mfugaji mwenzio.

Sasa sakafu. Utawala ni udongo mweusi, ule unaonata kwenye kiatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza kidole wakati wa kiangazi. Udongo huo hushika maji wiki nyingi baada ya mvua ya masika, kwa hiyo hata ukifagia kila siku, unyevu unapanda kutoka chini. Na Juni hadi Agosti jua la Nairobi ni la kuazima. Banda la udongo pale halikauki hadi Septemba.

Chimba sakafu yote sentimita 15, hiyo takataka uiweke kando kwa ajili ya mbolea. Jaza mawe madogo na maramu, shindilia vizuri ibaki nafasi ya sentimita 5, tandaza karatasi ya nailoni nzito, halafu mwaga zege: saruji 1, mchanga 3, kokoto 5. Kwa mita zako 3 za mraba, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha. Sakafu iinamie mlangoni kidogo, vidole viwili tu kutoka nyuma hadi mbele, ili siku ya kuosha maji yatoke. Iloweshe kwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7 ndipo uirudishie kuku. Wakati huo wakubwa wanaweza kulala chini ya turubai iliyofungwa vizuri, mradi pawe pakavu na paka asiwafikie. Kama saruji haiwezekani mwezi huu, inua sakafu kwa mbao nusu mita kutoka chini, ila kumbuka mbao huficha utitiri kwenye nyufa.

Juu ya zege weka maranda ya seremala, sentimita 10. Ni kama magunia 3 makubwa. Yawe ya mbao ambazo hazijapigwa dawa ya mchwa, muulize fundi kabla hujabeba. Kila baada ya siku 3 geuza kwa reki, na palipolowa toa uongeze makavu. Kipimo ni mkono wako: chota konzi moja, finya kwa nguvu, fungua. Yakisambaratika, sawa. Yakibaki donge, yamelowa. Kisha piga magoti, weka uso wako usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Ukiwa umesimama unaweza usisikie kitu, lakini pale chini ikiwa macho yanawasha, kuku wanavuta hewa hiyo usiku kucha, na mapafu yao hayaivumilii.

Mara nyingi maji yanayolowesha maranda hayatoki kwenye paa, yanatoka kwenye chombo cha kunywea. Kiweke juu ya matofali mawili ili ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Kikiwa chini wanakikanyaga na kukipindua. Ubavu wa juu wa banda, theluthi moja ya ukuta, uwe waya mtupu pande mbili ili hewa chafu itoke juu ya vichwa vyao. Upepo wa Nairobi mara nyingi unatoka mashariki. Upande huo ziba hadi juu. Watu wakihisi baridi ya Julai hufunika banda lote kwa magunia, na hapo ndipo mafua ya kuku huanza. Kuku mzima mwenye manyoya yake haumizwi na baridi ya nyuzi 11 au 12 za usiku. Anaumizwa na unyevu na upepo wa moja kwa moja.

Waya laini wa kuku unazuia kuku kutoka, hauzuii panya wala kicheche kuingia. Sehemu ya chini, nusu mita, tumia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi na uufukie sentimita 30 ardhini.

Kuhusu mayai. Wengi wangelaumu baridi, na kweli baridi inachangia kwa sababu kuku anatumia chakula zaidi kujipasha joto. Urefu wa mchana sio, kwa maana hapa tuko karibu na ikweta na mchana wa Julai haupungukiwi na ule wa Desemba kwa zaidi ya dakika chache. Kilichoshusha mayai yako ni zile pumba. Chakula cha kutaga kina protini ya asilimia 16 hivi na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Pumba za mahindi zina protini kidogo na kalsiamu karibu na sifuri. Ukichanganya nusu kwa nusu, kalsiamu inabaki chini ya asilimia 2. Ganda la yai moja lina gramu 2 za kalsiamu, na ili aitengeneze kuku anahitaji kula kama gramu 4 kwa siku. Akikosa, kwanza anachota kwenye mifupa yake, kisha ganda linakuwa laini, kisha anaacha kutaga. Angalia mayai yako 3 ya sasa: ukiyabonyeza kidogo kwa kidole gumba na yakatoa nyufa, hilo ndilo jibu.

Kuku mkubwa ale gramu 120 hadi 130 za chakula kamili kwa siku. Kwa 12 ni kilo moja na nusu. Gawa mara mbili, asubuhi na saa tisa alasiri. Mabaki ya jikoni na majani yawe nyongeza ya mchana, yasizidi moja ya kumi ya chakula chote. Wadogo nao wasile chakula cha kutaga kabisa. Ile kalsiamu nyingi inaharibu figo za kuku ambaye hajaanza kutaga, na uharibifu huo hauonekani hadi miezi mingi baadaye. Siku utakapowaunganisha, njia rahisi ni kuwapa wote chakula cha kukuzia na kuweka chokaa ya maganda ya chaza kwenye mkebe wa pembeni. Wanaotaga watajichotea, wasiotaga wataipita. Maganda ya mayai pia yanafaa ukiyakausha kwenye sufuria juu ya moto mpaka yawe mepesi, kisha uyatwange yawe kama chenga za mchele. Yakiwa na umbo la yai bado, utawafundisha kula mayai yao wenyewe.

Usiku mmoja chukua tochi, saa tatu hivi, uangalie chini ya vijiti wanavyolalia na ndani ya nyufa za viota. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku. Ukipitisha karatasi nyeupe chini ya kijiti ikatoka na michirizi myekundu, hapo nako mayai yanapotea. Vijiti vitolewe, vimwagiwe maji yanayochemka, vikaushwe juani, nyufa zijazwe. Kuku wapewe beseni la majivu na mchanga mkavu wajigaragaze humo.

Ile dawa ya wadudu inanitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Kila dawa iliyosajiliwa Kenya ina namba ya PCPB (bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu) kwenye lebo, na pana idadi ya siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Nyingine ni siku 3, nyingine 14. Wewe ulivuna siku ya pili. Itafute chupa usome. Mayai ya wiki mbili tangu siku uliyowapa majani yale usile wala usiuze, yafukie. Hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika ni kiasi gani kilichoingia kwenye yai, na mayai hayo huliwa na watoto.

Kwa vidukari huna haja ya sumu. Wadudu hawa wa kijivu hupenda majani laini yaliyolishwa nitrojeni kupita kiasi, na wewe uliwaandalia karamu. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi. Jioni nyunyiza maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita, ulenge upande wa chini, rudia kila siku ya 4 mara tatu. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza jani. Majani yaliyojikunja na kujaa kabisa yakate. Ukiona mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, au mtoto wake mweusi mrefu kama mamba mdogo, mwache. Huyo anakula vidukari kutwa nzima.

Sasa tuje kwenye ndoo zako 4. Lita 80 za samadi mbichi ni kama kilo 50 au 60, na uliimwaga kwenye mita za mraba 12. Hiyo ni zaidi ya gramu 60 za nitrojeni kwa kila mita, wakati sukuma kwa msimu mzima haihitaji zaidi ya 15 hadi 20. Chumvi ya samadi huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya mizizi kuvuta maji, ndiyo maana mmea unakauka huku udongo umelowa. Amonia inaunguza vinyweleo vya mizizi. Halafu maji ya kisima kirefu ya upande huo wa mji yana sodiamu, na udongo mweusi hauipitishi ikaenda chini, inabaki juu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ukikauka, ni hiyo.

Kwangua samadi yote inayoonekana, hasa sentimita 15 kuzunguka kila shina. Kisha osha udongo kwa maji ya mvua au ya bomba, si ya kisima, mitungi miwili ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, polepole, ukipumzika ili yazame. Rudia baada ya siku 4. Kama maji yanasimama juu kwa zaidi ya saa moja, acha. Udongo umefunga na unaizamisha mizizi. Tandaza nyasi kavu. Miche iliyokufa usiibadilishe kabla ya wiki 3, na ukipanda upya usirudishe 90. Kwenye mita 12, miche 50 yenye nafasi ya sentimita 45 kila upande itakupa majani mengi kuliko 90 inayogombana. Familia ya watu 5 inatoshwa na mashina 30 ukichuma majani ya chini na kuacha matano au sita juu. Ile nafasi nyingine weka terere (mchicha) na kunde.

Kwa muda mrefu, inua matuta. Sentimita 30 kwenda juu, upana mita 1 ili ufikie katikati bila kukanyaga, kingo za mbao au mawe. Changanya makarai 3 ya udongo mwekundu, 2 ya mbolea iliyoiva na 1 ya udongo wako mweusi. Usidanganywe kumwaga mchanga kwenye udongo mweusi peke yake, utapata kitu kigumu kama tofali. Na weka mfereji wa bati kwenye paa la nyumba: milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 40 ni lita 400 kabla ya kile kinachopotea. Mvua za vuli zikija Oktoba, tangi lako litakuwa na maji yasiyo na chumvi.

Mbolea yenyewe itengeneze hivi. Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita 1, chini ya hapo halipati joto. Debe 1 la takataka ya banda kwa madebe 2 ya vitu vikavu: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, maboksi yaliyochanwa. Kama takataka ina maranda mengi kuliko kinyesi, punguza vikavu hadi debe moja. Panga kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, nyunyiza maji kila tabaka kiasi kwamba ukifinya konzi yatoke matone mawili, si zaidi. Funika kwa turubai. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Siku ya 4 ichomoe uishike: iwe moto wa kukufanya uiachie. Joto la nyuzi 55 kwenda juu ndilo linaloua vijiyai vya koksidia, mbegu za magugu na vijidudu vya tumbo. Likibaki baridi, ni kavu au ni dogo. Likinuka amonia, ongeza vikavu. Geuza kila baada ya wiki 2, vya nje viingie ndani, na kila ukigeuza joto linapanda tena. Baada ya miezi 3 litakuwa limepungua hadi karibu nusu, jeusi, na litanuka kama udongo baada ya mvua.

Kabla hujaliamini, lijaribu. Changanya nusu mbolea nusu udongo kwenye mkebe, panda mbegu 10 za sukuma. Kwenye mkebe mwingine panda 10 kwenye udongo mtupu. Ukiona ya mbolea imeota 8 au 9 kama ile nyingine, na majani ya kwanza hayana ncha kahawia, imeiva. Zikiota 3, acha mwezi mwingine. Kisha weka konzi 2 kwa kila shimo, changanya na udongo kabla ya kupanda, na mwezi mmoja baadaye konzi moja pembeni.

Dania na vitunguu vya majani vya kachumbari vinaliwa vibichi, kwa hiyo hapo samadi ambayo haijaiva isikaribie ndani ya miezi 4 kabla ya kuvuna. Kwa sababu hiyo hiyo usiwaachie kuku watembee kwenye tuta lenye mboga. Waingize tu tuta likiwa limevunwa, kuku 3 au 4 kwa saa chache, watafukua viwavi.

Mboga wanazofaa kula wao ni sukuma, terere na kunde. Spinachi kidogo tu, ina kitu kinachofunga kalsiamu. Majani ya nyanya, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, tunda bichi la managu (mnavu) na maharagwe mabichi visiwafikie. Na kuna kitu ambacho jiko la Nairobi hutupa kila siku bila mtu kuwaza: ovakado. Ganda lake na kokwa lake ni sumu kwa ndege, moyo unashindwa. Likusanye kwenye ndoo yenye kifuniko.

Chanjo ya kideri wape wakubwa kila miezi 3. Ile ya tone moja jichoni inafaa kwa nyumba kama yako. Wadogo wasichanjwe wakiwa bado wagonjwa, subiri wiki 2 baada ya kupona. Chupa moja ya chanjo mara nyingi huwa na dozi 100 au zaidi na ikishachanganywa haidumu zaidi ya muda wa saa mbili, kwa hiyo tafuta wafugaji wengine wa mtaa mnunue pamoja asubuhi moja. Ibebwe na barafu kutoka dukani hadi nyumbani. Kuku wapya siku zijazo wakae mbali na wengine wiki 3, na uwahudumie wao mwisho, baada ya wakubwa.

Jirani yako usimngoje aende ofisini. Nairobi ina sheria ya kaunti ya 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hiyo kufuga kwenyewe si kosa, ila harufu na nzi ni malalamiko halali ya afya. Mwendee, umwambie unamwaga zege wiki hii na lundo litafunikwa, na uliweke upande ulio mbali na dirisha lake. Kama una jogoo, mtoe. Mitetea hutaga bila yeye, na wewe hutotoleshi vifaranga. Maranda yakikaa makavu, harufu itaisha kwa siku 5 au 6.

Kama wiki ya tatu baada ya zege maranda bado yanafanya donge ukiyafinya, tuandikie utuambie mlango wa banda unatazama wapi na paa linatoka nje ya ukuta kwa sentimita ngapi.